Watoto wa Mzee Kimeli

Daktari Kavetsa hafundishi magonjwa ya akili darasani tu. Hutupeleka sisi wanafunzi wake kwenye kikao ambapo mgonjwa aliyelazwa bila hiari anaomba kuruhusiwa, tukae kando kimya, tusikie yale tuliyoandika kwenye faili yakihojiwa. Mimi na umbea wangu nilikimbilia kiti cha karibu kabisa.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mzee Kimeli wa Soy. Alikuwa ametulia wiki mbili, dawa anameza, na binti yake Cherono alikuwa anaolewa Jumamosi. Kilichombakisha wodini ni mstari mmoja: "Hajui idadi ya watoto wake." Mwandiko wangu. Siwafichi, nilijivuna kuusikia ukisomwa.

Mwenyekiti, mama wa makamo, akauliza, "Mzee, uko na watoto wangapi?"

Mzee akatazama viatu vyake. Daktari wa wodi akatikisa kichwa. Nami moyoni: si mnaona?

Mwenyekiti akavua miwani. "Basi Mzee, niambie majina yao."

Mzee akainua uso. "Kipkirui. Chepngetich. Emmanuel, huyo ni ticha huko Turbo. Faith, ako na mtoto mdogo. Cherono, wa Saturday. Na Kipngetich... huyo tulizika."

Mwenyekiti akamgeukia daktari wa wodi. "Nani hapa huhesabu watoto wake kwa sauti? Mimi kwetu ningechapwa."

Uso uliniwaka. Hata nyanya yangu ukimuuliza ana wajukuu wangapi, atakwambia tu wapo, wazima; kuwahesabu ni kuwaitia mabaya. Nimelelewa na hayo, halafu nikavaa koti jeupe nikayasahau! Mtu mzima nusura akose harusi ya bintiye kwa ujuaji wangu.

Wakamruhusu aende siku hiyo hiyo.

"Nakhumicha," Daktari Kavetsa akaniambia, "nenda umwambie mwenyewe."

Nilimkuta Mzee mlangoni akifunga vifungo vya koti. "Mzee, nisamehe. Ni mimi niliandika hivyo."

"Najua." Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Uliniuliza vizuri, mama. Nilikuwa nataka kukuambia juu ya Kipngetich. Lakini nikifungua mdomo, wewe ulikuwa umeshaenda kitanda ingine."