Kiatu cha Ruaa Pangoni

Krrr! Sauti ya utepe wa gundi ikivutwa ilimwamsha Bibi Josepha kabla ya alfajiri. Ikanyamaza, halafu ikaanza tena. Mkwewe Murtadha alikuwa sebuleni akifunga maboksi, na nyumba ile ya mtaa wa Ng'ambo ilizidi kuwa tupu. Kesho yake yeye na mtoto wangepanda treni kwenda Dar es Salaam, kisha ndege mpaka Maskati, ambako kaka yake alikuwa amemtafutia kazi dukani.

Mtoto mwenyewe, Ruaa, alikuwa amelala ubavuni pa bibi yake, mguu kautupa juu ya tumbo la mzee. Mama yake, Martha, binti pekee wa Josepha, alikwishatangulia mbele ya haki. Hakuacha mtoto mwingine.

Josepha hakupinga safari. Aliomba siku moja tu: wampeleke mtoto akaone mapango ya wapagazi upande wa Nzega, na ziwa lililo chini yake, kisha wamshushe yeye kwake Lusu. Stesheni hakutaka kufika. Alijijua. Ila moyoni alikuwa na swali ambalo ulimi ulikataa kulitoa: mtoto huyu ataletwa amwone tena?

Kwenye lango la mapango walipokewa na mwongoza wageni, mwanamke mnene mcheshi aitwaye Sikuzani.

"Shikamoo, bibi. Kwenu wapi?"

"Marahaba. Lusu, mwanangu. Mnyamwezi."

"Ala! Mtani wangu! Mimi Mzigua. Babu zako walibeba mizigo ya babu zangu, wakafika humu wakalala. Mizigo yetu iko wapi?"

"Yaulize matumbo ya Wazigua," Josepha akajibu. "Mlikuja nyuma mkila njia nzima."

Sikuzani akacheka mpaka akashika ukuta. Humo ndani akawaonyesha masizi ya mioto ya zamani juu ya dari, na mawe yaliyolainika kwa kukaliwa. Ruaa akaliita jina lake, pango likamrudishia, akapiga makofi. Penye utelezi, Murtadha alimshika mkwewe mkono bila kuombwa.

Walipokaribia kutoka, Sikuzani akauliza mtoto anasoma wapi.

"Kesho anahama," Josepha akasema. "Anakwenda Uarabuni na baba yake."

"Thubutu!" Sikuzani akainama, akamvua Ruaa kiatu kimoja, akakiinua juu. "Mtoto wa mtani wangu haondoki hivihivi! Kiatu nimekiteka. Wala sitaki hela. Baba mtu akikomboe kwa kiapo, kwamba kila mwaka atamleta amwamkie bibi yake."

Wageni waliokuwa nyuma wakacheka. Josepha naye akacheka. Swali lake lilikuwa limeulizwa kwa kinywa cha mtani, na mtani hakatazwi.

Murtadha alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Sema wallahi tu, shemeji, twende zetu!" Sikuzani akamhimiza.

"Siwezi, dada," akasema polepole. "Kiapo si mchezo. Sijui kama nitaweza kumleta, nami siapii nisilolijua."

Kicheko kikakatika. Sikuzani alipiga magoti kwenye vumbi, akamvisha mtoto kiatu, akafunga kamba taratibu. Alimshika Josepha kiwiko mpaka nje penye jua, na hapo akamnong'oneza, "Nisamehe, mama. Nilidhani ataapa."

"Hukukosa," Josepha akamwambia. "Kazi ya mtani ndiyo hiyo."

Ziwa lilikuwa limetulia katikati ya majabali, mayungiyungi yamechanua ukingoni. Murtadha akatandika mkeka. Alichambua samaki mwiba mmoja mmoja, nyama akaiweka upande wa mkwewe na wa mtoto. Yeye mwenyewe hakula.

"Mama, ningeweza kukuridhisha kwa maneno."

"Najua."

"Kazi ni ya mkataba. Ruhusa haitakuwa mkononi mwangu. Na nauli ya watu wawili..."

"Basi, mwanangu. Usijieleze." Akamtazama Ruaa akirusha vijiwe majini. "Wangapi wangeapa ili nifurahi leo? Martha alijua alikoolewa." Akageuza uso upande wa majabali, akajifuta kwa ncha ya kanga. Murtadha akajifanya anakunja mfuko, mpaka mzee alipomaliza.

Jua lilikuwa linaelekea kutua walipofika Lusu. Josepha akashuka, akazunguka mpaka dirisha la mtoto. Akamwekea kiganja kichwani, akakiacha hapo muda mrefu. Murtadha hakuwasha gari.

"Ukawe mtoto mwema," akasema. "Umsikilize baba."

"Ndiyo, bibi." Ruaa akapiga miayo, macho yakiwa yamejaa usingizi. "Halafu kesho uje kwetu tena, eti bibi? Uje asubuhi."