Mgeni wa Mlingotini

Mwaka ule wa Kilimo cha Kufa na Kupona, baada ya dhoruba, ndege mweusi alikutwa ametua juu ya mlingoti wa bendera wa tawi la chama, Kunduchi. Mabawa mapana kama mkeka, mkia kama mkasi, na shingoni kaning'iniza kifuko chekundu. Mwanakombo, balozi wa nyumba kumi, alimtazama akashika kiuno. Kazi yake ilikuwa kumjua kila mgeni, na huyu hakumjua.

"Korongo huyo," alisema jirani yake, Kondo.

"Korongo ana miguu, Kondo. Huyu vijiti vya kiberiti!"

Akahamishia kigoda chake chini ya mlingoti, akashinda anamchunguza. Ajabu yake, ndege wa baharini huyu hakugusa maji kabisa. Shakwe wakishavua, yeye huwakimbiza angani mpaka wawatapike samaki wao, naye huwadaka kabla hawajaanguka.

"Basi ni mnyonyaji!" akatamka Katibu Adelard, aliyefika siku ya tatu, kama kawaida yake, wakati wa chakula. Akaitisha mkutano papo hapo.

Kondo akataka afukuzwe. Mwanakombo akasimama. "Ndugu Katibu, jana mvua ilimnyea akalowa kama tambara. Akitua baharini atazama. Huyu si mnyonyaji, ni asiyejiweza."

Wakabishana mpaka koo zikakauka. Mwishowe Adelard akapitisha azimio: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe likaegemezwa mlingotini, na ndege akakatiwa kipande cha shamba la ujamaa, kando ya muhogo wa Kondo.

"Ndugu mgeni," Adelard akaanza kumsomea, mkono mmoja juu, wa pili umeshika kipande cha nguru alichokaangiwa na Mwanakombo, "katika nchi hii kila mtu..."

Kivuli kikapita. Katibu akabaki na vidole vyenye mafuta.

Hakuna aliyecheka, Katibu ni Katibu. Mwanakombo alijing'ata ulimi mpaka machozi yakamlenga. "Nikuletee kingine, Katibu?"

"Lete, mama. Lakini kifunike kawa."

Asubuhi upepo ukageuka. Ndege akainuka bila hata kupiga bawa, akaenda zake upande wa kisiwa cha Mbudya. Kondo akaapa kwamba kakimbia jembe. Mwanakombo alitazama juu mpaka shingo ikamuuma, moyoni akisikitika kwamba hata jina hakulipata.

Kile kipande cha shamba wakamlimia, kwa zamu, kwani azimio lilikuwa limeshapita.