Homa Iliyoivisha Pombe

Jumatatu ya pili ya Juni, Yuliana alimimina uji wa ulezi kwenye pipa, akachanganya kimea, akafunika kwa gunia. Wakati wa joto pombe yake ilichacha kwa siku tatu. Juni, upepo wa ziwa ukipita chini ya mlango, ilitaka tano. Wanywaji wa Kigera walishaanza kuhamia kwa wengine, na jambo hilo lilimuuma kuliko jino.

Jumanne asubuhi Nyangi, mke wa mwanawe, alipandwa na homa ya malaria. Alikuwa amelala mkekani kando ya pipa. Kufika adhuhuri povu lilikuwa limeinua gunia. Yuliana alionja, pombe imeiva. Akamgusa Nyangi paji la uso, akaligusa pipa, akaelewa.

"Mama, nipeleke zahanati. Nasikia baridi."

"Tutaenda. Hii pombe ya pili iive kwanza."

Ya pili iliiva kabla ya jioni. Ya tatu ilichacha chai ikiwa bado haijapoa. Majirani wakaleta ndoo zao, wakazipanga kumzunguka mgonjwa kwa adabu. Kila mmoja alimpa pole na kuuliza kama homa imepungua, kwa wasiwasi wa kweli. Ulikuwa unyama mtupu, na waliokuwa wakiufanya walikuwa watu wema wa kanisani.

Alhamisi mume wa Nyangi, Boniphace, alirudi kutoka kuvua Bukima. Nyangi akamshika mkono.

"Boni, ntakufa."

Boniphace alivipuliza vidole vilivyoungua. "Mama ndo huwaga anajua muda," akasema.

Nyangi alikufa Ijumaa, pipa la sita likiwa katikati. Mwili haukupoa. Jumamosi Yuliana alimwomba katekista Ephraim asogeze mazishi mbele kidogo. Ephraim alitega sikio kwenye pipa, akakubali kwamba pombe bado. Walizika saa kumi na moja. Kaburi lilibaki na joto wiki nzima, na ndoo zilipangwa juu yake kwa zamu, mpaka udongo ukapoa.

Siku za kuchacha zikarudi kuwa tano. Yuliana akaenda Butiama kwa wazazi wa Nyangi. Alilia sana, na alilia kweli. Kisha akawakumbusha kwamba ng'ombe wa mahari walishapokelewa, na mwanawe hana mke. Wazazi wakamtoa Flora, mdogo wa marehemu.

Flora alifika Kigera na begi moja. Yuliana akamlisha sato, akamgusa paji la uso.

"We huwaga unaumwa malaria?"

"Hapana, Mama. Sijawahi."

"Mungu ni mwema," Yuliana alisema. Akamtandikia mkeka kando ya pipa, akafungua dirisha la upande wa matete. Kisha akaifungua neti msumarini, akaikunja vizuri, akaondoka nayo.