Hotuba Ndani ya Kopo

Mimi ndiye mke wa Fanuel, na sijawahi kuupenda ule waya. Wenzake waliopunguzwa naye kazini walifungua maduka, wakauza mitumba, wakaagiza runinga kutoka Dubai. Mume wangu alikaa sebuleni kwangu akizungushia nyuzi za shaba kwenye vipete vyeusi alivyovitoa ndani ya runinga hizohizo zikishakufa. Na zilikuwa hazichelewi kufa. Soko huria lilituletea kila kitu, ila vya kudumu vilisahaulika njiani.

Nilimvumilia kwa ajili ya mama mkwe. Mdogo wake Fanuel, Melkizedeki, alikwenda Kanada kusoma akalowea huko, na huko akajiunga na wale wanaozungumza kwa redio dunia nzima kwa kupenda tu. Akaandika barua: Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, alfajiri, atakuwa anazungumza na mwenzake wa Nairobi, na katikati atamsalimu mama kwa Kichaga. Simu hatukuwa nayo. Mama macho yalishaingia ukungu, picha za mwanawe alikuwa anazipapasa tu. Sauti hiyo alikuwa hajaisikia tangu kijana aondoke, na kila mtu nyumbani alijua kwamba miaka yake si ya kungoja ngoja.

Shida ilikuwa redio ya Fanuel. Ilipokea tu, kusema haiwezi, na hata huko kupokea ilizidiwa na majokofu ya baa ya jirani, yaliyonguruma humo usiku na mchana. Dawa, akasema, ni waya mrefu wa kupita kimo kifupi katikati ya mahindi na migomba ya majirani, mbali na baa, kisha kebo ilete sauti ndani. Lakini waya mrefu na kebo havipikiki chungu kimoja. Lazima katikati pawe na transfoma.

"Ndiyo mshenga wao," akanieleza. "Bila yeye hawaelewani."

Mshenga mwenyewe alisumbua. Ili kumjua kama ni mzima, eti sharti atengenezwe na pacha wake, waunganishwe kisogo kwa kisogo, halafu sauti ya stesheni ipitishwe humo isikike bila kupungua. Mara ya kwanza stesheni ilizimika kabisa. Fanuel akafungua nyuzi zote, akaanza upya, ugali ukapoa mezani. Siku stesheni ilipopita bila kupungua alinikumbatia mbele ya mama yake, mtu ambaye hata harusini alinishika mkono kwa aibu.

Transfoma akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwenye nguzo ya ua wa Bwana Ephraimu, muuza saruji, ambako waya ulianzia. Hapo ndipo tulipojiponza. Bwana Ephraimu alikuwa anagombea udiwani.

"Fundi, redio yako inafika mpaka wapi?" akauliza.

"Haifiki popote, mzee. Inasikiliza tu."

"Usinifiche bwana. Siku hizi serikali imeruhusu redio za watu binafsi."

Nikaingilia. Nikamwambia humo mna kipete na waya, basi. Akacheka. "Shemeji, wenye redio wote husema hivyo wakitaka kupandisha bei."

Jumatano ya juma lile la mwisho, alasiri, akaja na suti na wapambe wake. Akainama, akalitolea kopo hotuba. Akawasalimu wasikilizaji wa Moshono, Tengeru na Ngarenaro. Akaahidi maji, akaahidi barabara, akamtumia mkewe salamu, na mkewe amesimama pale pale nyuma yake ameshika mkoba. Fanuel alijaribu kumkatiza, wapambe wakamwomba asiharibu matangazo.

Nikajua kesho mtaa mzima utamcheka. Kumbe mimi ndiye mjinga. Kesho yake muuza nyama akaniambia ameikuta hotuba mwishoni mwishoni. Wanakwaya wakasema sauti ilikuwa safi, ila mgombea alikohoa kidogo. Mtu kutoka Tengeru akaapa waliisikia sokoni, watu wakaacha kununua ndizi. Nikasema jamani, mnasema uongo mchana kweupe, na kanisani mnakaa viti vya mbele. Wakanitazama kama nina wivu, wakaniachia kadi zao za salamu zisomwe hewani.

Mpinzani wake, Bwana Solomoni, akaja kudai na yeye apewe muda. Tulipomwambia hakuna cha kugawa, akaenda kutushtaki kwamba tunaendesha kituo bila kibali.

Ijumaa wakaja maafisa wawili wa serikali. Fanuel akalifungua kopo, akawaeleza habari za mshenga toka mwanzo. Mkubwa wao alielewa, nilimwona kabisa ameelewa.

"Ni kweli, hili haliwezi kutangaza," akasema. Kisha akaugeukia umati. "Nani alisikia matangazo?"

Mikono ikainuka yote. Wa Bwana Solomoni ulikuwa juu kuliko yote, akasema ametukanwa kwa jina. Bwana Ephraimu akajitetea kwamba yeye alialikwa tu, mwenye kituo ni Fanuel. Afisa akamtazama mume wangu kwa huruma, akasema ushahidi ni ushahidi. Wakaukata waya, kopo wakaondoka nalo kuwa kidhibiti. Nililia kwa hasira, na sikujali nani ananiona.

Jumamosi alfajiri tulimkalisha mama kwenye redio, tukamvisha spika za masikioni. Hakuna aliyethubutu kumwambia waya haupo. Fanuel aliunga kipande kifupi cha dirishani, akazungusha kitufe taratibu. Mama alikuwa amejifunga khanga mpya. Alisikiliza mpaka jua likachomoza.

Kisha akavua zile spika.

"Amesema hajambo," akasema. "Amesema huko kuna baridi, lakini anakula vizuri."

Fanuel akazichukua, akasikiliza, akaniangalia. Mama akaninyooshea mkono.

"Mama Hans, hebu na wewe."

Nikazivaa. Majokofu ya baa yalikuwa yananguruma, hakuna kingine. Mama alikuwa ameuelekeza uso wake kwangu, anangoja.

"Nimemsikia, mama," nikasema. "Sauti yake ni ile ile."