Mshono wa Nje

Walikwisha kuvuka wodi na dirisha la dawa, limebaki geti tu. Mbele fundi cherehani, begi begani, cheti cha ruhusa mfukoni. Nyuma mama yake mzazi, kamshika mkono mjukuu wa miaka tisa, binti wa fundi. Ilikuwa siku ya sita tangu mtoto apasuliwe kidole tumbo, nacho kilikuwa kimeshapasuka chenyewe kabla kisu hakijakifikia.

Moyo wa fundi ulikuwa mweupe. Asubuhi nesi alipofungua bandeji, yeye aliinama akautazama mshono kama anavyotazama kazi ya mwenzake: mstari mnyoofu, nyuzi zimelingana, hapana wekundu, hapana tone.

"Aliyeshona hapa ni fundi," alisema, na nesi akacheka.

Sasa bibi akamchokoza mtoto. "Mke mwenzangu, mbona unajikokota? Au umenogewa na kitanda cha watu?"

Mtoto hakujibu. Alipiga kwikwi, akaendelea kutembea amejikunja, mkono tumboni.

Bibi akasimama. Tangu mtoto huyu ajue kusema, hajapigwa kijembe na bibi yake asikirudishe. Hata siku ya kupasuliwa, akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, alimwambia, "Nakuja, bibi kizee. Mume usimguse."

"Turudi," bibi alisema.

"Turudi wapi, Mama? Tumeshapewa ruhusa."

"Huyu tangu jana anashinda chooni na hapati kitu. Leo hata kunitukana hataki."

"Mshono si umeuona? Mimi mwenyewe sishoni vile."

"Wewe unatazama nguo, baba. Mimi namtazama aliyeivaa." Akaketi ukingoni mwa njia, akanyoosha miguu. "Nendeni. Mimi nipo hapa."

Watu wanapita, wanatazama. Aibu ikampanda fundi. Akainama ambebe mtoto waondoke, mzee abaki na ukaidi wake. Tumbo la mtoto likamgusa begani. Lilikuwa la moto, tena gumu kama ubao.

 Aligeuka alikotoka, mbio, begi kaliacha chini.

"Faili lake limeshafungwa," nesi alisema.

"Lifungue, dada yangu."

Daktari alisema dawa ya homa ya alfajiri ndiyo iliyoficha joto. Kipimo kikaonyesha usaha umejikusanya chini kabisa tumboni. Nje kumepona, ndani kunaoza. Jioni ile mtoto akapasuliwa tena.

Alilala hospitali siku ishirini na tatu nyingine, akakosa mitihani, akarudia darasa. Leo ni mtu mzima, ana makovu mawili, na tumbo humsokota akila haraka. Nesi alihamia kwingine. Bibi alifariki mwaka wa pili baada ya hayo, kwa ugonjwa wa moyo, na mle nyumbani hakuna tena anayemwita mtu mke mwenza. Fundi bado anashona. Mteja akija kuchukua nguo, humwambia aivae kwanza, atembee mpaka mlangoni na kurudi, naye humtazama.