Jina la Baba Yake Karani

Kezironi, karani wa kadi za chakula katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alijiona jaji. Mwaka 1984 alinitaka nitaje wanangu wote saba, huku akigonga meza kwa rula na kunifokea. Jina la kitinda mimba likanitoka kabisa.

"Mama gani husahau mwanawe? Mwongo mkubwa!" Akamfuta mtoto kwenye kadi. Nilipofika mlangoni tu, jina likarudi: Uwimana. Hakutaka hata kulisikia.

Wiki hiyohiyo mimi na yeye tulipanda lori moja kwenda Mbarara. Pale Biharwe wanajeshi walikuwa wamefunga barabara. Askari mmoja akamwelekezea karani bunduki. "Wewe! Jina ya baba yako nani?"

Jaji wetu akafungua mdomo, akaufunga. Mwanamume mzima, suruali ikalowa. Jina hakuna.

"Afande," nikasema, "ukishusha bunduki atakumbuka."

Askari akaishusha huku akicheka.

"Eriya," karani akasema, akilia.

Jumatatu nikamkuta mezani, rula mkononi, akimfokea mama mwingine: "Mama gani husahau mwanawe?"

Nikamwinamia sikioni. "Eriya," nikamwambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema.