Ushuhuda wa Norah

Kwa Norah hakukosekani mtu. Ukipita asubuhi unawakuta wanawake wamekalia magunia ya omena, dagaa wa ziwani, wakinywa chai. Ukipita jioni unawakuta wengine, na chai ni ile ile, imeongezwa maji. Ploti yake iko nyuma ya soko, Busia ya upande wa Kenya, vyumba vya kupangisha huku na huku na ua katikati, na katika ua huo hakuna habari iliyowahi kupita bila kusimamishwa isalimie. Nani kakamatwa na trei za mayai kwenye njia ya panya. Nani kamwacha mume Malaba akamfuata dereva wa lori. Mchungaji gani kanunua gari na sadaka haijapanda.

Hapo ndipo Amulen alipopanga chumba. Alikuja na begi na ndoo, Mteso wa Tororo, ng'ambo Uganda, mrefu, wa maneno machache, na kabla hajafungua begi ua wote ulikwishajua kwamba ni mkunga, kwamba kliniki aliyofanyia kazi kule kwao ilifungwa mwenye nayo alipofariki na watoto wake wakauza vitanda, na kwamba hana mume, na si kwa kukosa kuombwa.

"Kumbe wewe ni musawo!" Norah alisema, kwa lile neno la ng'ambo wanalomwitia kila mtu wa hospitali. "Basi umefika kwenu. Ploti hii tunazaa kama sungura."

"Mimi ni mukunga tu, Mama Feli."

"Tu? Mwanamke aliyelala chini akikuona hasemi tu."

Na kweli alikuwa anatakiwa. Maurine, muuguzi mwenye nyumba ndogo ya uzazi karibu na steji, ndiye aliyemwita. Alikuwa na vitanda vinavyojaa na mikono isiyotosha. Lakini leseni ya Uganda ukishavuka nayo geti la mpaka inakuwa picha ya ukumbusho. Mtu wa nje hupewa leseni ya muda: utafanya kazi kliniki moja iliyotajwa, chini ya mtu mmoja aliyetajwa, mpaka tarehe iliyotajwa. Makaratasi ya Amulen yalikwishakwenda baraza la wauguzi la Kenya. Baraza la kwao lilikwishamshuhudia kuwa hana doa. Ilibaki afisa wa afya wa kaunti aje amwone na kumpendekeza. Na mpaka leseni itoke, asimguse mgonjwa.

Kwa hiyo Maurine alimpa kazi ya kufua na kupiga deki. Amulen alifua shuka za wanawake aliowasikia wakigumia nyuma ya pazia. Kuna mlio wa mwanamke anayesukuma kabla ya wakati, na kuna mlio wa aliyechoka akaacha kusukuma. Alisikia yote miwili huku akikamua shuka, akauma mdomo.

Afisa alikuja, Bwana Mukhwana, mnene, mtaratibu, mtu wa kufuta miwani kwa ncha ya tai. Alisoma kila kitu, akauliza maswali, akaridhika.

"Sista, mambo yako ni safi. Nitakupendekeza. Ila nisikie kama kaka yako. Mpaka leseni itoke, hata kidonda cha mguu usifunge. Wenzako wengi wa ng'ambo wameangukia hapo hapo mlangoni."

"Nasikia, Bwana."

"Usisikie tu. Weka mikono mfukoni."

Jioni hiyo Norah alimwita kwenye magunia. Alitaka habari, na alipoipata hakuridhika nayo.

"Sawa, karatasi zimekwenda. Na huko ofisini una nani?"

"Nani kama nani?"

"Mtu! Mtu wa kukusemea."

"Wanasoma tu karatasi, Mama. Hawaulizi mutu."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Wasingemwelewa hata angesema kwa lugha yao. Mpakani mtu hupita kwa kusemewa. Omena ya Norah hutoka Majanji ikavuka kwa sababu wakala fulani husema, "Huyo ni shangazi yetu." Mtoto huingia shule ya upande wa pili kwa sababu kuna mwalimu aliyewahi kumjua babu yake. Ofisi inayosoma karatasi bila kuuliza nani anakujua, Norah hakuwahi kuiona, na jambo asiloliona yeye huliita uongo.

"Karatasi haina mdomo, musawo," alisema. "Wewe ngoja tu. Tutakutafutia mdomo."

Felistus, kitinda mimba wa Norah, alikuja kwa mama yake kujifungulia. Mpango ulikuwa aende kwa Maurine, na Maurine alikubali. Lakini mimba haisomi mpango. Uchungu ulimshika mchana wa siku ya soko, wakati Maurine amekwenda kuzika Siaya na muuguzi wake wa zamu yuko na mwanamke mwingine anayetoka damu. Boda aliitwa. Boda alikuja, akasimama nje akipiga honi, naye Felistus alikuwa amelala kwenye mkeka akisema hawezi kuinuka, kuna kitu kinatoka.

Amulen alisimama mlangoni. Mikono aliibana kwapani.

"Musawo!" Norah alipiga kelele. "Unasimama hapo kama mgeni?"

"Mama, nimekatazwa. Mimi nasema tu, ninyi mufanye. Feli, usisukume kwa nguvu. Pumua. Mama, shika kichwa, usivute."

Kichwa kikatoka. Halafu kikarudi nyuma kidogo, mashavu yakabanwa, kama kobe anayevuta shingo ndani ya gamba. Norah aliona kichwa tu akaanza kumsifu Bwana. Amulen aliona mabega yamekwama. Alijua muda uliobaki ni mfupi kuliko njia ya hospitali, na mfupi kuliko kumweleza Norah afanye nini.

Akatoa mikono kwapani.

Alimgeuza Felistus akae kwa mikono na magoti, akapenyeza mkono nyuma, akautafuta mkono wa mtoto, akauleta mbele taratibu, na bega likafuata, na mtoto akamwagika mikononi mwake, wa bluu, mlegevu kama kitambaa. Akamsugua. Akampulizia. Ua mzima ulinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha mtoto akalia, na Norah akaketi chini palepale kwenye maji na damu, gauni lake la sokoni likiwa mwilini.

Alikuwa msichana. Kabla kondo haijatoka walikwishampa jina: Amulen.

"Mama Feli," Amulen mkubwa alisema walipobaki wenyewe. "Jambo hii inabaki ndani ya hii nyumba. Mutoto alikuja mwenyewe. Ukisema ni mimi, leseni imekwisha."

"Haki ya Mungu," Norah alisema, akalamba kidole akakielekeza juu.

Na alijitahidi, tumpe haki yake. Mwanamke ambaye hajawahi kulala na habari, alilala na hii wiki kadhaa. Ilimvimbisha. Wateja walipouliza mtoto alizaliwaje, alijibu, "Alikuja mwenyewe," halafu akaingia ndani kunywa maji. Alikonda. Wanawake wa magunia, ambao nao walijua yote, walimpongeza kama mtu aliyeacha pombe.

Lakini mtoto aliyekuja kwa shida lazima apelekwe mbele ya kanisa, na bibi yake asimame atoe ushuhuda. Shukrani iliyomezwa, kwa watu hawa, humgeukia mtoto. Norah alikuja kuomba ruhusa.

"Mushukuru Mungu tu," Amulen alisema. "Mungu hana shida ya leseni."

"Nitamtaja Mungu peke yake."

Alimaanisha. Siku ile alimaanisha.

Jumapili yenyewe kulikuwa na harambee ya paa la kanisa. Viti vya wageni viliwekwa mbele, vikafunikwa vitambaa, na mgeni wa heshima kutoka kaunti alipoingia, Amulen alimtambua kwa jinsi alivyofuta miwani. Hakuogopa. Aliona ni dalili njema. Bwana Mukhwana naye alimwona kwenye umati akamtikisia kichwa, kwa adabu, kama mtu anayekumbuka ahadi yake.

Norah alikiona kile kichwa.

"Unamjua?" alinong'ona.

"Ni yeye."

"Yule wa leseni?"

"Ndiyo, Mama."

Baadaye Amulen alifikiri kwamba hapo ndipo alipopaswa kusema hapana. Lakini Norah alikwishanyooka kwenye benchi, macho yakimwaka. Hapa palikuwa na ofisi nzima imeketi mbele yake, yenye masikio, haina mlinzi mlangoni, na zamu ya ushuhuda imefika.

Alikwenda mbele na mtoto. Akashika maiki kama mtu aliyezaliwa nayo.

"Bwana asifiwe! Mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Lakini nimemwona mgeni wetu, nikasema huyu ni Mungu ameleta. Bwana mkubwa, huyu mtoto alikwama! Kichwa nje, mwili ndani! Hospitali hakuna, daktari hakuna, sista wetu ameenda matanga. Ni nani aliyeingiza mkono akamtoa? Ni Amulen wa Tororo, yule pale, simama musawo! Mko na karatasi zake huko ofisini, mnauliza anajua kazi? Kazi ndiyo hii!" Akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili. "Mumpe leseni leo!"

Kanisa lililipuka. Vigelegele, ngoma, wanawake wakaja wakamvuta Amulen mpaka mbele wakimvika leso shingoni. Bwana Mukhwana alipiga makofi pamoja na watu wote. Halafu mikono yake ikapunguza mwendo, ikasimama, akavua miwani akaanza kuifuta, na aliifuta muda mrefu.

Baada ya ibada alimsubiri kando ya gari lake, ameshika sahani ya wali ambayo hakuigusa.

"Sista, ningeambiwa kwa mnong'ono ningekuwa kiziwi. Nakuapia. Lakini nimeambiwa kwa maiki, chifu akiwa kulia kwangu, na nusu ya kanisa wanarekodi na simu. Kesho mkubwa wangu ataniuliza nilikuwa wapi. Nitasema nini? Nilikuwa kiti cha mbele."

"Mutoto alikuwa anakufa, Bwana."

"Najua. Na mimi ni baba."

"Basi andika hiyo."

"Nitaiandika. Kuna mahali pa kuandika sababu." Aliangalia wali wake. "Sijawahi kuona mtu akipasoma."

Video ilitembea kweli. Ilizunguka makundi ya kanisa, ikafika Malaba, ikavuka, ikarudi na maneno ya Ateso yameandikwa juu yake na moyo mwekundu. Kila aliyeituma alikuwa anamsifu. Jibu la baraza lilikuja baadaye, fupi: ombi limekataliwa, mwombaji amefanya kazi bila leseni. Nakala imepelekwa baraza la kwao. Na kwao, Amulen alipokwenda kuuliza, walipigiana simu mbele yake halafu wakamweleza kwa upole kwamba leseni yake ya Uganda imesimamishwa kungoja kikao. Kikao ni lini? Hakijapangwa. Angeweza kuanza kazi Tororo wakati akingoja? Dada, si tumesema imesimamishwa.

Maurine alilia kabla yake.

"Hata shuka siwezi kukupa tena, Amulen. Wakikukuta hapa wananifungia mlango, na wale wanawake wataenda wapi?"

Amulen aliona ana haki. Hilo ndilo lililomchosha zaidi: kila aliyemtafuta wa kumkasirikia alimkuta ana haki.

Norah ndiye aliyechelewa kuelewa.

"Lakini nilikusifu!"

"Ulinisifu, Mama."

"Nilisema ukweli mtupu!"

"Ulisema."

Norah alikaa kwenye gunia, wanawake wakamzunguka, na mmoja akasema pengine hawakusikia vizuri, pengine mtu mmoja hatoshi. Norah akainua kichwa. Hiyo ndiyo! Waende wote! Kanisa zima, na mtoto, na mchungaji, wajaze ile ofisi ya Mukhwana mpaka mlangoni. Wakaanza kubishana ni kitenge gani kivaliwe. Amulen aliwaomba wasiende, akawasihi, akashika miguu ya Norah, nao wakamwinua kwa mapenzi wakamwambia asiwe na haya, wao ni dada zake.

Walikwenda. Karani aliandika majina yao wote, na neno "shahidi" mbele ya kila jina, na orodha ikaingia kwenye faili la kosa la Amulen.

Baada ya hapo Amulen alibaki kwa Norah kwa sababu hakukuwa na pa kwenda. Kodi haikuulizwa. Alichambua omena na wenzake, akitoa dagaa waliovunjika, na mikono yake ilinuka ziwa.

Siku moja akaja Resty, muuza nyanya wa Lunyo, mimba imempanda mpaka kifuani. Alitua beseni uani akamsimamia.

"Musawo, nilikuona kwa simu. Nishike tu hapa, uniambie mutoto analala namna gani."

Amulen hakuinuka. Alilitazama tumbo lilivyokaa, lile duara gumu chini ya mbavu, na upande wa chini ulivyo laini. Kichwa kilikuwa juu. Siku zilikuwa zimekwisha na kichwa kilikuwa juu.

"Nenda hospitali kubwa. Leo."

"Leo soko."

"Resty, mutoto amekaa vibaya. Nenda leo."

"Hata hujanigusa, umejuaje?" Resty alicheka, akawageukia wanawake. "Huyu si ndiye yule? Ama kwa maskini hashiki?"

Wanawake wakatazama chini, kwenye omena. Amulen aliificha mikono chini ya leso na kusema tena hospitali, akaitaja na njia yake, akamwambia aseme mlangoni kwamba mtoto ametanguliza makalio. Resty alisonya. Akainama kwa shida, akajitwika beseni, akatoka akitembea miguu imeachana.

"Musawo!" Norah aliita kutoka ndani. "Chai inapoa, na watu wamejaa!"

Amulen alikwishainuka akamfuata Resty mpaka kwenye geti la ploti, akabaki pale akilifuata lile beseni kwa macho lilivyokwenda kuelekea sokoni, si kuelekea hospitali, mpaka likapotea katikati ya mabeseni mengine.